Miaka mitano kwenye kiti cha mbele: tathmini ya kampuni ya ndege za kukodi

Tathmini nyingi za ndege za kukodi zimeandikwa na watu waliokaa nyuma. Wanasifu ngozi ya viti, ukimya wa injini, na jinsi walivyofika uwanjani robo saa kabla ya kuondoka wakaruka bila foleni. Mimi nilikaa mbele. Nimeirushia kampuni moja ndege kwa miaka mitano, miwili nikiwa rubani msaidizi na mitatu nikiwa kapteni, na nimeacha kazi mwezi uliopita kwa hiari yangu. Jina la kampuni silitaji. Baadhi ya nitakayosema hayapendezi, na waliobaki kule ni watu ninaowaheshimu. Namwandikia anayetaka kukodi ndege, na pia kijana mwenye leseni mpya anayejiuliza kama aombe kazi ya namna hii au asubiri shirika kubwa.

Kwa abiria naipa nyota tano bila kusita. Kwa rubani, tatu na nusu, na nusu iliyokatwa na moja iliyopotea zina sababu zake.

Nianze na ndege, maana ndiyo ofisi. Tulikuwa na Phenom 300 tatu, jeti dogo la Embraer ya Brazil lililopaa kwa mara ya kwanza mwaka 2008 na kuanza kukabidhiwa wateja mwishoni mwa 2009. Injini mbili ziko mkiani, uzito wa juu wa kupaa ni kama tani 8.1, na linaruhusiwa kupanda hadi futi 45,000. Nililipenda tangu wiki ya kwanza. Miguu yake imeundwa kwa namna inayomeza kishindo, kwa hiyo hata upepo ukikusumbua sekunde ya mwisho abiria hashtuki. Ngazi imo kwenye mlango wenyewe, hungoji mtu wa uwanja akuletee. Sehemu ya mizigo ya nyuma ni pana kuliko unavyotarajia ukiitazama ndege kwa nje. Ila dari ya ndani ni mita 1.5 tu. Mtu mzima anaingia ameinama na anakwenda chooni ameinama, na mteja anayesikia neno “jeti binafsi” akaja akidhani atatembea wima kama sebuleni anapaswa kuambiwa mapema. Watu wetu wa mauzo hawakuwa wakimwambia. Mara nyingi aliambiwa na sura yangu pale mlangoni, nikimwekea mkono juu ya kichwa asijigonge.

Sasa kazi. Rubani wa shirika kubwa anafika akakuta ndege imesafishwa, mafuta yamejazwa, mizigo inapakiwa na abiria wamepangwa na watu wengine. Kwetu watu wote hao ni nyinyi wawili. Safari ya saa kumi na mbili asubuhi inamaanisha saa kumi alfajiri uko kwenye maegesho na tochi, unavua vifuniko vya injini na zile soksi nyekundu za mirija ya kupimia kasi, unakagua matairi, unaangalia mafuta ya injini, unaagiza mafuta ya safari. Mwenzako yuko ndani anasoma hali ya hewa na ilani za viwanja, anapiga hesabu ya uzito, anapeleka mpango wa safari. Kisha barafu, chai, kahawa, magazeti, maji. Kisha mikanda ya viti: kila mkanda unalazwa ukiwa umekunjwa msalaba juu ya kiti, vishikizo vikitazama upande mmoja. Kapteni wangu wa kwanza alikuwa akirudi kuikunja upya kama nimeiweka ovyo. Wakati ule niliona ni ukali wa bure. Baadaye nikaelewa kwamba abiria hawezi kukagua injini. Anachoweza kukagua ni mkanda na dirisha. Ndiyo maana baada ya kila safari yenye watoto nilipiga magoti kwenye zulia na kitambaa laini, nikafuta alama za vidole na pua kwenye vioo vyote vya upande, kimoja kimoja.

Ukitua mnafanya kinyumenyume. Mnashusha mizigo, mnawaaga wageni, mnapitisha mashine ya kunyonya vumbi, mnahakikisha choo kimemwagwa, mnavalisha ndege vifuniko. Anayeona kazi hizo zinamshusha hadhi asije huku. Mimi zilinifunza ndege hiyo kuliko darasa lolote, kwa sababu nililigusa kila pembe lake kwa mkono wangu kila siku.

Mizigo nitaizungumzia kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiko nilikoanza kujua kampuni hii ni ya namna gani. Ndege ndogo ina tabia moja ambayo mteja haijui: ukijaza mafuta hadi juu, huwezi kujaza viti vyote na mizigo yao. Lazima uchague. Mwezi wangu wa pili tulipewa safari iliyoandikwa “watu sita, mabegi madogo.” Wakaja saba. Wa saba alikuwa bibi mzee aliyeamua asubuhi ile kwamba anakwenda na wajukuu, na mabegi madogo yalikuwa masanduku manane na boksi mbili zilizofungwa kwa gundi ya karatasi. Nikamwangalia kapteni, nikamwambia nakadiria begi moja kilo ishirini. Akasema, “Usikadirie. Pima.” Akatoa mfukoni mwake mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano inayouzwa kwa wasafiri, tukasimama kwenye upepo tukiinua sanduku moja baada ya jingine, mimi nainua, yeye anasoma namba na kuandika kwenye kiganja. Begi la tatu lilikuwa kilo 34. Jumla ilitupita. Tulikuwa na njia mbili: kuacha boksi, au kupunguza mafuta na kutua katikati kuongeza. Bibi hakutaka kuachana na boksi zake, na hakuna aliyemlazimisha, tukatua katikati. Safari ikachelewa dakika hamsini na mteja akalalamika kwa maandishi.

Jibu la kampuni nililiona kwa macho yangu, kwa sababu kapteni alinionyesha. Walimweleza mteja hesabu nzima, kilo kwa kilo, wakamuomba safari nyingine atutumie uzito halisi. Wiki hiyohiyo kila ndege ikawekewa mizani yake. Hapo nikajua nimeajiriwa mahali pazuri.

Kuna upande wa kazi hii ambao hauonekani popote, nao ni safari tupu. Mteja anakodi ndege kumpeleka mahali, halafu ndege inarudi bila mtu, au inakwenda kumchukua mwingine mji mwingine. Kampuni hujaribu kuuza safari hizo kwa bei ya chini, na ukiwa mwepesi wa kubadili ratiba utazipata kweli, lakini kumbuka zinafutwa mteja mkuu akibadili mawazo. Kwa rubani ni saa za utulivu mkubwa. Ndege nyepesi, bila abiria, inapanda kama imefunguliwa kamba.

Juu ya futi 41,000 ndege hutenganishwa kwa kimo cha futi 2,000 badala ya 1,000, kwa hiyo kinachobaki kwa jeti kama letu ni 43,000 ukielekea magharibi na 45,000 ukielekea mashariki. Ndege za abiria zimebaki chini yako karibu zote. Waongoza ndege wanakupa njia ya moja kwa moja kwa sababu hakuna mtu mbele yako. Anga juu ya kichwa linakuwa la buluu nzito inayokaribia weusi hata mchana. Lakini kule si mahali pa kusahau kazi. Hewa ya ndani ikivuja ghafla kwenye futi 40,000, una sekunde 15 hadi 20 za akili timamu, na juu zaidi zinapungua. Maski ya oksijeni iko karibu na bega lako na lazima uweze kuivaa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde tano. Kampuni ilitupeleka kwenye simuleta, chumba cha mazoezi kinachoiga ndege, mara mbili kwa mwaka na kila mara tulivaa maski hizo, moshi bandia ukiwa umejaa, injini moja imezimwa, hadi mkono unakwenda wenyewe. Kampuni ndogo ikitaka kubana matumizi, hapo ndipo inapoanza kupunguza. Hawa hawakupunguza hata mwaka ambao ndege moja ilikaa bandani miezi kadhaa bila kuingiza kitu.

Nifike kwenye jambo ninalolihesabu kuliko yote.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukapteni tulikuwa na wageni watano wa kwenda kwenye sherehe, na waliomba kiwanja kidogo kilicho jirani na ukumbi. Njia yake ya kurukia na kutulia ni mita 1,250. Sheria tuliyoifuata inataka jeti la kibiashara lionyeshe kwa hesabu kwamba linaweza kutua na kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wa njia, na njia ikiwa imelowa unaongeza asilimia 15 juu ya umbali unaotakiwa. Yaani mita 1,250 zinakupa 750 zikiwa kavu, na 650 na kidogo zikiwa zimelowa. Hesabu yetu kwa uzito wa siku ile ilikuwa mita 700 na ushei. Asubuhi kulikuwa kukavu, tungetua. Saa moja kabla ya kuondoka mvua ikaanza kule, na utabiri ukasema haitakatika kabla ya jioni.

Nikaenda kuwaambia wageni kwamba tutatua uwanja mkubwa, na kwamba kutoka huko ni dakika hamsini kwa gari. Mwenyeji wao akasimama. Hakupaza sauti. Akasema, “Dada, mimi nimelipia kwenda pale. Wiki iliyopita mwenzangu ametua palepale na ndege kubwa kuliko hii.” Nikamwambia wiki iliyopita kulikuwa kukavu. Akasema atampigia mwenye kampuni, na akampigia, mbele yangu, akaniita “huyu binti wenu.” Kisha akanipa simu.

Mwenye kampuni aliniuliza swali moja: “Umesema hapana?”

“Nimesema hapana.”

“Basi gari litakuwa uwanja mkubwa linawasubiri. Safari njema, Kapteni.”

Niliwarudishia simu mikono ikitetemeka kidogo. Tuliruka, tukatua kwenye mvua, gari lilikuwepo. Kesho yake hakuna aliyeniita ofisini kujieleza. Yule mgeni hakukodi tena kwetu; hilo nililijua mwaka mmoja baadaye, kwa bahati, kutoka kwa mhasibu. Alikuwa mteja wa safari mbili kila mwezi. Mwaka mzima kampuni ilikuwa imebeba hasara hiyo bila kuniambia neno, na bila kuniacha nihisi kwamba nina deni.

Anayedhani nalikuza jambo hili asome ripoti ya ajali ya Aspen, Colorado. Tarehe 29 Machi 2001, usiku, Gulfstream III ya kukodi ilianguka ikijaribu kutua, na watu wote 18 waliokuwa ndani wakafa. Wachunguzi wa Marekani walisema marubani walishuka chini ya kimo kinachoruhusiwa bila kuuona uwanja. Kisha, miongoni mwa mambo yaliyochangia, wakaandika shinikizo alilokuwa nalo kapteni la kutua, kutokana na mteja aliyekodi, kuchelewa kuondoka, na uwanja uliokuwa unakaribia saa yake ya kufungwa kwa usiku. Kila rubani wa ndege za kukodi anayajua mambo hayo matatu kwa mwili wake. Mimi nilikutana nayo yote karibu kila wiki, na simu ya mwenye kampuni ndiyo iliyonifanya niweze kulala.

Sasa yaliyonikatisha.

La kwanza ni simu ya ratiba. Mapumziko ya rubani kati ya zamu yanapaswa kuwa saa kumi au zaidi bila kuguswa, ulale, uoge, ule, ulale tena. Mwaka wa tatu kampuni ilibaki na mtu mmoja wa ratiba kwa ndege tatu na marubani kumi. Alikuwa mchapakazi, tena mtu mwema, lakini alianza kupiga saa tisa usiku: “Kapteni, samahani, swali moja tu.” Swali lenyewe la dakika moja: unaweza kuchukua safari ya kesho kutwa? Ila ukishaamshwa saa tisa usingizi haurudi mpaka saa kumi na moja, na kwa haki mapumziko yako yanapaswa kuanza kuhesabiwa upya. Mara mbili nilisema hivyo, nikaandika, na safari yangu ya asubuhi ikasogezwa mbele. Mara nyingine sikusema, kwa sababu nilijua anayepewa safari hiyo badala yangu ni mwenzangu aliyechoka kuliko mimi. Hapo ndipo kampuni yenye moyo mzuri inapoanza kula watu wake bila kukusudia.

La pili linafanana na hilo. Siku za kungoja kuitwa zilianza kuhesabiwa kama siku za mapumziko endapo simu haikulia. Mtu ambaye hajawahi kungoja hivyo ataona ni sawa, si ulikuwa nyumbani? Ulikuwa nyumbani, begi likiwa mlangoni na sare imenyooshwa, huwezi kwenda mbali zaidi ya saa moja, huwezi kumuahidi mtoto chochote. Niliondoka katikati ya harusi ya mdogo wangu kabla keki haijakatwa, siku ambayo kwenye karatasi ilisomeka “mapumziko.” Nililalamika, wakaniomba radhi kwa dhati, na mwezi uliofuata karatasi ikasomeka vilevile.

Mshahara sina ugomvi nao; ulilipwa tarehe ileile miaka mitano. Mkataba wa mafunzo pia ulikuwa wa haki, lakini kijana unayesoma hapa uusome wako vizuri. Kampuni inalipia masomo ya kukuidhinisha kwenye aina ya ndege, nawe unafungwa kukaa muda fulani, kwetu miaka miwili. Uliza swali hili kabla ya kutia sahihi: nikiondoka mapema, deni linapungua kwa kila mwezi niliofanya kazi, au nadaiwa lote hadi siku ya mwisho? La kwetu lilipungua kila mwezi. Nina rafiki kampuni nyingine ambaye la kwake halikupungua, na akabaki mahali alipokuwa hana amani napo kwa ajili hiyo tu.

Kwa mteja, nina mambo machache ya kukuomba. Omba kuona cheti cha mwendeshaji wa ndege za biashara, na uhakikishe namba iliyoandikwa mkiani mwa ndege yako imo kwenye orodha ya cheti hicho. Mtu anayekuuzia safari anaweza kuwa dalali tu asiye na ndege wala rubani. Hakuna ubaya, ila akuambie anayerusha ni nani. Bei ikiwa ya chini ajabu, huenda umepewa ndege ya mtu binafsi isiyoruhusiwa kubeba abiria wa kulipa, na siku ya balaa bima inaweza kukataa kulipa. Uliza pia marubani ni wangapi. Phenom 300 imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, na kuna wanaoirusha hivyo kihalali katika safari zao wenyewe. Kampuni yetu haikuwahi kupeleka abiria bila marubani wawili, hata safari ya dakika ishirini. Ukiambiwa mmoja anatosha, mimi nisingepanda. Na tafadhali tuma uzito halisi wa mabegi. Bibi akija, mhesabu.

Kwa rubani kijana: utaruka sana, utatua kwenye viwanja ambavyo mwenzako wa shirika kubwa hatavijua maisha yake yote, na mwaka mmoja utakufunza kufanya maamuzi ambayo kwingine ungengoja miaka kumi kukabidhiwa. Hutajua Ijumaa yako itakuwaje. Siku ya usaili usiulize ndege ngapi. Omba kuzungumza na mtu wa ratiba, umuulize analala saa ngapi.

Ningerudi? Wakiajiri mtu wa pili wa ratiba, na siku za mapumziko zikaandikwa mwezi mzima mbele zisiguswe, ndiyo, ningerudi kesho. Niliwaandikia hivyo siku niliyokabidhi kitambulisho na funguo za banda. Kapteni mkuu alisoma karatasi yangu akiwa amesimama, akaikunja, akaniambia ombi hilohilo ameshalipeleka juu mara mbili, na kwamba sasa atalipeleka na barua yangu ikiwa juu yake.